Nimtoe mwanangu shule nimsomeshe nyumbani?

Shikamoo Mwalimu,

Nina watoto wawili. Mkubwa ni mvulana wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Mdogo wake ni wa kike, ana miaka 6, ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Tangu muhula uliopita kijana wangu analalamika tumbo kila Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi kumwamsha ni vita. Darasani kwao wako wengi mno, na mwalimu wao ana mtindo wa kusoma alama za kila mtoto kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Jina la mwanangu huja mwishomwisho. Wenzake wamempa jina la utani ambalo sitaki hata kuliandika. Kinachonichanganya ni kwamba nyumbani mtoto huyu ni mwerevu: anafungua redio mbovu na kuifunga tena ikiwa inaongea, anakumbuka hadithi aliyosimuliwa mwaka jana, hesabu za kichwa ananishinda. Lakini kitabu hataki kukiona.

Rafiki yangu anawasomesha watoto wake watatu nyumbani. Kila nikienda kwake nawakuta wametulia, wana adabu, wanaongea na watu wazima bila woga. Amenishauri niwatoe wangu wote wawili, na yuko tayari kunipa vitabu na ratiba yake. Mimi nafanya kazi ya uhasibu nikiwa nyumbani, hasa asubuhi, na nadhani nikijipanga nitaweza. Sijasomea ualimu.

Mume wangu hataki kabisa. Anasema mtoto wa kufungiwa ndani atakuwa mpweke, na kwamba tukimtoa tutakuwa tumemfundisha kukimbia matatizo. Mama mkwe anauliza cheti atakipata wapi. Binti yangu anaipenda shule yake, ila naona si haki mmoja abaki nyumbani na mwingine aende. Mwalimu, faida na hasara za jambo hili ni zipi hasa? Na nikikosea, ataweza kurudi shule?

Mama Njia Panda

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na jibu lenyewe, maana naona usingizi umeshakupungua. Binti mwache shuleni. Kijana usimtoe kwanza, mpaka ujue kwa nini kitabu kinamshinda, na mpaka shule iambiwe wazi iache kumwaibisha. Ukishayajua hayo, huenda kumsomesha nyumbani kukawa uamuzi mzuri kwake, na siupingi. Ninachopinga ni kuuamua sasa hivi, huku roho ikikuuma, kwa ratiba uliyoazimwa.

Barua yako ina mambo mawili yaliyofungwa pamoja: mtoto anaaibishwa, na mtoto hasomi vizuri. La kwanza liko shuleni na linaweza kubaki huko. La pili atahama nalo. Ukimhamishia nyumbani kesho, ataamka Jumatatu bila maumivu ya tumbo, na wiki mbili za mwanzo utaniona nilikushauri vibaya. Kisha utafungua kitabu.

Kwa hiyo fanya hivi kwanza. Tafuta kitabu cha kiwango cha darasa lake ambacho hajawahi kukiona, kwa sababu cha zamani anaweza kuwa amekikariri. Kaa naye ubavuni, saa ambayo hajachoka na mdogo wake hayupo karibu. Mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti, nawe usimsahihishe hata neno moja. Sikiliza tu. Je, anatazama herufi mbili za mwanzo kisha anabahatisha neno zima, “walipokelewa” likawa “walipoondoka”? Anafika “wa-li-po”, anakwama, anarudi mwanzo wa neno? Anachanganya b na d? Anaruka mstari bila kujua kwamba ameruka? Kisha mpokee kitabu, umsomee wewe ukurasa unaofuata, na umuulize: nani alifanya nini, kwa nini, unadhani sasa itakuwaje? Kama anajibu vizuri unapomsomea lakini anapotea akijisomea, basi kuelewa anaelewa. Kazi inayomshinda ni ya kuzigeuza herufi kuwa sauti, na sauti kuwa neno, kwa kasi ya kutosha.

Hili lina uzito kwa sababu Kiswahili kinaandikwa jinsi kinavyotamkwa. Mtoto wa darasa la tatu aliyefundishwa silabi ipasavyo husoma hata neno asilolijua maana. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao usiohusiana na upungufu wa akili, katika lugha zinazoandikwa namna hii mara nyingi husoma bila makosa mengi lakini polepole mno, hadi anapofika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Darasani huonekana mvivu. Hali hiyo hutembea katika familia, kwa hiyo ulizia upande wako na upande wa baba yake. Siwezi kusema mwanao anayo, kwani barua haipimi mtu. Lakini mtoto mwenye kumbukumbu kama aliyo nayo huyu, anayehesabu kichwani na kukimbia maandishi, anastahili kupimwa macho, kupimwa masikio, kisha kuonwa na mtu mwenye ujuzi wa matatizo ya kusoma kabla mtu yeyote hajaamua asome wapi.

Nalikazania hili kwa sababu moja. Leo akivunjwa moyo shuleni, anakuja kwako. Siku ambayo wewe ndiye mwalimu, umechoka, barua pepe za kazini zinakusubiri, na neno lilelile limemshinda tena, atakimbilia kwa nani? Nimewaona akina mama wenye upendo mwingi wakijikuta wanapiga meza. Mtoto anayefundishwa na mzazi wake hana pa kwenda kumshitaki mwalimu. Katika hasara zote za elimu ya nyumbani hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, na ndiyo inayotajwa kidogo kuliko zote.

Sasa faida, maana zipo na ni kubwa. Kubwa kuliko zote ni mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake, bila kuvushwa kwenye mada mpya kabla ya kuielewa ya kwanza, aliwapita takribani asilimia 98 ya wenzake wa darasa la kawaida la watu 30 hivi. Tafiti za baadaye zimepata faida ndogo kuliko hiyo, lakini zimeelekea upande uleule. Kwa mtoto aliyekosa hatua moja ya msingi, kama mwanao, hakuna msaada unaoshinda huo: mtu mmoja aliyekaa naye, anayeona ni silabi gani hasa inamkwamisha, asiyelazimika kusonga mbele kwa sababu wengine wamemaliza.

Faida ya pili ni muda. Siku ya shule ina majina ya kuitwa, foleni ya kusahihishiwa daftari, kelele za kutulizwa. Nyumbani, mtoto wa miaka 9 anaweza kumaliza masomo ya siku kwa saa tatu za umakini, na zinazobaki zikawa za mikono yake na redio zake. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyeishi 1842 hadi 1923 na kuandikia sana wazazi wanaofundisha watoto wao, alishika kanuni ya masomo mafupi, dakika 20 hivi kwa wadogo, na ya kumtaka mtoto asimulie kwa maneno yake alichosomewa mara moja tu. Kijana anayekumbuka hadithi ya mwaka jana angeng’ara katika kusimulia. Jambo hilo unaweza kulianza leo jioni, bila kumtoa popote.

Ila saa tatu hizo zinahitaji mtu, na hapo ndipo barua yako ilipopita haraka. Umesema unafanya kazi hasa asubuhi. Asubuhi ndiyo saa ya akili ya mtoto vilevile. Mtoto wa miaka 9 asiyesoma vizuri hawezi kupewa zoezi akae peke yake wakati wewe unafunga hesabu za watu. Mtoto anayejisomea kwa ufasaha anaweza, yeye bado. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama unaweza kufundisha, uliza kazi yako itahamia saa ngapi, mwajiri wako amekubali, na kipato kikipungua nyumba itakuwaje. Haya ni ya kuandikwa kwenye karatasi na kuzungumzwa na mumeo. Kutosomea ualimu hakunitishi sana kwa mtoto wa kiwango hiki, ukiwa tayari kujifunza namna ya kufundisha silabi hatua kwa hatua. Wasiwasi wangu utaanza akifika hisabati na sayansi za juu, ambako mzazi huahirisha somo asilolipenda, leo hadi kesho, mpaka mwaka umekwisha.

Kuhusu watoto wa rafiki yako: umewaona saa ya wageni. Usimdhanie vibaya, kwani inawezekana kabisa anafanya kazi nzuri. Mwombe ukae kwake siku ya kawaida, tangu somo la kwanza mpaka la mwisho, kimya, pembeni. Tazama anafanya nini mdogo anapolia na mkubwa anapodai msaada kwa wakati mmoja. Mwulize ni somo gani wamebaki nyuma, na ni lini alitaka kuacha. Atakayekujibu hayo kwa uwazi ni mtu wa kumsikiliza. Na ratiba yake ni ya watoto wake.

Utaambiwa pia kwamba tafiti zimethibitisha watoto wa elimu ya nyumbani wanafaulu kuliko wa shule. Tafiti nyingi za namna hiyo zimefanyika Marekani, na katika nyingi kati yake waliopimwa ni waliojitolea kupimwa, mara nyingi watoto wa wazazi wenye elimu na nafasi. Mzazi ambaye mwanawe amekwama ana sababu gani ya kujitokeza? Hatuwezi kujua kama kilichowafaulisha ni nyumba, au ni wazazi ambao hata shuleni watoto wao wangefaulu. Wanaodai kwamba watoto hawa huharibikiwa nao hawana ushahidi ulio imara zaidi.

Mumeo ana hoja, ingawa nusu yake naikataa. Mtoto kutolewa mahali anapodhalilishwa kila wiki hakumfundishi kukimbia matatizo. Kunamfundisha kwamba wazazi wake wanaona. Lakini juu ya upweke msikilize. Kumpeleka mtoto kwenye sherehe au kwa binamu mara mojamoja hakutoshi. Anahitaji watoto walewale, kila wiki, siku ileile, ili wagombane, wapatane na kuendelea na mchezo bila mama kuingilia: timu ya mpira, kwaya, madrasa au shule ya Jumapili, klabu ya ufundi. Kama huwezi kutaja sasa hivi angalau kundi moja la namna hiyo, baba yake yuko sahihi. Kuna na jambo lingine lisilopendeza kulisema. Mwalimu, hata asiye mzuri, ni mtu mzima wa nje anayemwona mtoto kila siku. Ndiye anayegundua alama mwilini, njaa, ukimya wa ghafla. Ukimsomesha nyumbani, hakikisha kuna mtu mzima nje ya nyumba yenu, kocha au mwalimu wa ziada, anayekutana naye mara kwa mara na ambaye mtoto anaweza kumwambia chochote.

Sheria. Hili usilichukue kwa kusikia, kwa sababu nchi hazifanani hata kidogo. Ujerumani mtoto lazima aende shule, na wazazi waliopeleka kesi kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya walishindwa mwaka 2006 na tena 2019. Uswidi, tangu sheria ya 2010, huruhusu kwa sababu za kipekee tu. Ufaransa ilikuwa inatosha kutoa taarifa. Tangu Septemba 2022 lazima uombe kibali. Uingereza, sheria ya elimu ya 1996 inamtaka mzazi amwelimishe mtoto shuleni au kwa njia nyingine. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini kuna majimbo yasiyotaka hata taarifa na mengine yanayodai ripoti na upimaji. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, linasema elimu ya msingi ni ya lazima na papo hapo linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wake. Kila nchi imechora mstari wake kati ya hayo mawili. Wewe andikia ofisi ya elimu ya mahali ulipo, uliza ukiwa bado hujamtoa, na majibu uyapate kwa maandishi. Usije ukaitwa kujibu shitaka la utoro kwa jambo ulilolifanya kwa nia njema.

Mama mkwe naye asipuuzwe, swali lake la cheti ni la mtu mwenye macho. Mtoto wa nyumbani kwa kawaida hufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kama baraza la mitihani linaruhusu kwa ngazi hiyo. Ulizia mambo matatu: je, kuna alama za maendeleo ya darasani zinazoingia kwenye matokeo ya mwisho, na asiye na shule anazipataje? Sayansi kwa vitendo ataifanyia maabara ya nani? Kituo gani kinapokea watahiniwa wa nje, na mwisho wa kujiandikisha ni lini? Kuna familia hugundua la pili mwaka wa mtihani wenyewe, na hapo ni kuchelewa.

Kurudi shule inawezekana katika sehemu nyingi, na kwa mtoto wa shule ya msingi si jambo gumu ikiwa una kumbukumbu. Weka daftari moja la kila somo bila kulitupa, orodha ya vitabu alivyomaliza, na kila mwezi mrekodi kwenye simu akisoma ukurasa mmoja, tarehe ikiwemo. Utamsikia mwenyewe anavyobadilika, au utasikia kwamba habadiliki, na hilo la pili ni la kulifanyia kazi mapema. Kinachowapa shida wanaorudi ni kukuta wenzao wako kwenye mada ambayo wao hawajaigusa, kwa hiyo mtaala wa shule uwe nao mezani hata kama hufuati mpangilio wake.

Binti yako ana furaha, ameanza vizuri, ana marafiki. Umtoe kwa kosa gani? Haki kwa watoto wawili ni kila mmoja kupata anachokihitaji. Watu wazima tunawapa dawa tofauti wanapougua tofauti, na hawalalamiki. Mweleze kwamba kaka yake anasaidiwa kusoma, basi.

Na kijana mwenyewe umemuuliza? Usimuulize kama anataka kuacha shule, maana jibu unalijua. Muulize ni saa gani ya siku anayoiogopa zaidi. Akisema ni saa ya kusoma kwa sauti mbele ya darasa, au wakati alama zinaposomwa, umepata cha kupeleka kwa mwalimu wa darasa. Nenda na baba yake, mkiwa wawili, mkaombe mambo mawili tu: alama za mtoto wenu zisitangazwe, na asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake bila kuambiwa jana yake ni aya ipi ili aje amejiandaa. Hilo jina la utani mlitaje wazi, mseme na nani analianzisha. Kwa utulivu, kisha mwandike barua fupi ya kukumbushia mliyokubaliana, nakala kwa mkuu wa shule. Mkipuuzwa, kuna shule nyingine kabla ya kufika kwenye meza ya nyumbani, na watu hulisahau hilo: kuhama shule nako ni njia.

Likizo ndefu ijayo itumie kama jaribio. Chagua wiki tatu, saa zilezile ambazo ungefundisha, kazi yako ikiendelea kama kawaida. Nusu saa ya silabi na kusoma, mapumziko, nusu saa ya hisabati, kisha asimulie ulichomsomea, baadaye imla ya sentensi chache. Mumeo naye achukue siku yake moja kwa wiki, si kama mgeni. Atakupinga au atakuunga mkono akiwa amekaa kwenye kiti hicho. Angalia kama mnamaliza bila machozi siku nyingi kuliko zenye machozi, kama kazi yako imesimama, kama mtoto anakifuata kitabu mwenyewe hata mara moja.

Ikiwa jaribio limekwenda vizuri, vipimo vimeonyesha anahitaji mtu wa karibu, na shule imeshindwa kubadilika, mtoe mwisho wa muhula, sheria ikiruhusu, kwa mwaka mmoja, huku mkiwa mmeshaandika tarehe ya kukaa tena na kuamua upya. Ikiwa shule imebadilika na anapata msaada wa kusoma jioni, mwache huko na endelea kumsomea hadithi.

Barua ya kuomba kuonana na mwalimu wa darasa iende wiki hii, usingoje vipimo. Ukishamsikiliza akisoma ule ukurasa, niandikie umesikia nini hasa, na maneno yaliyomkwamisha uyaorodheshe kama alivyoyatamka. Nitakwambia tuanzie silabi zipi.